Viashiria vya inflamesheni na msongo wa oksidesheni kwa mgonjwa wa COPD: mwongozo kamili wa kupima na kusoma majibu

Ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, COPD, hautambuliwi kwa damu. Unatambuliwa kwa spirometri: mgonjwa mwenye dalili anavuta dawa ya kutanua njia za hewa, anasubiri, anapuliza, na uwiano wa FEV1 (hewa anayoitoa sekunde ya kwanza) kwa FVC (hewa yote anayoitoa kwa nguvu) ukiwa chini ya 0.70 ndipo ugonjwa unathibitika. Damu inafuata baadaye, na zipo kazi tatu tu ambazo kwazo inabadilisha matibabu kila siku: kuamua kama steroidi ya kuvuta itamfaa mgonjwa, kuamua kama anahitaji antibayotiki anapozidiwa, na kumgundua mwenye upungufu wa kurithi wa alfa-1 antitripsini, protini inayolinda mapafu. Vingine, pamoja na karibu vipimo vyote vya msongo wa oksidesheni (madhara ya kemikali kali za oksijeni mwilini), bado ni vya utafiti. Tunaviweka vyote hapa pamoja kwa sababu makosa yanayoviharibu ni yale yale, na mengi hufanyika kabla sampuli haijafika kwenye mashine.

Unachokipima hasa

Moshi wa sigara, moshi wa kuni na vumbi la kazini vikifika kwenye njia ndogo za hewa huamsha makrofaji (chembe za kinga zinazomeza uchafu), nazo huita neutrofili (aina ya chembe nyeupe) kwa kutumia IL-8, protini ya kuashiria. Chembe hizi zote mbili humwaga kemikali kali za oksijeni, na moshi wenyewe huja na shehena yake: mvuto mmoja wa sigara hukadiriwa kuwa na radikali huru zipatazo 10 kwa kipeo cha 15. Sehemu ya IL-6, protini nyingine ya kuashiria, inayotengenezwa huingia kwenye mzunguko wa damu na kulifikia ini, na ini huanza kutoa CRP na fibrinojeni, protini zinazopanda wakati wa inflamesheni. Kwa hiyo unachokipima mkononi ni mwangwi wa yanayotokea kifuani, na mwangwi huo huchanganyika na sauti nyingine: fizi zenye ugonjwa, unene, kisukari, moyo ulioshindwa, kidonda cha mguuni.

Tena si kila mgonjwa ana mwangwi huo. Katika utafiti wa ECLIPSE, wagonjwa 1,755 walipimwa viashiria 6 (chembe nyeupe, CRP, IL-6, IL-8, fibrinojeni na TNF-alfa) mwanzoni na baada ya mwaka mmoja. Asilimia 30 hawakuwa na dalili yoyote ya inflamesheni (mwitikio wa kinga dhidi ya madhara) kwenye damu. Asilimia 16 walikuwa nayo mara zote mbili, na ndani ya miaka 3 waliokufa katika kundi hilo walikuwa asilimia 13, ikilinganishwa na 2 katika kundi lisilo nayo. Majibu ya kawaida hayathibitishi kwamba mapafu yametulia. Majibu yanayobaki juu kwa muda mrefu ndiyo ya kutia wasiwasi.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kuandika kipimo

Fomu ya maabara iliyojazwa vipimo kumi na viwili bila swali huzaa namba kumi na mbili, na huenda moja kati yake ikatoka nje ya kiwango kwa bahati tu. Maswali yanayostahili ni machache. Mgonjwa ametulia lakini anazidiwa mara kwa mara: omba hesabu kamili ya damu yenye mgawanyo wa chembe nyeupe, kwa ajili ya eosinofili, aina mojawapo ya chembe hizo. Amezidiwa leo: omba CRP. Ametambuliwa na COPD kwa mara ya kwanza: omba alfa-1 antitripsini, mara moja maishani, pamoja na CRP ya siku hiyo hiyo. Unataka kujua mwelekeo wa ugonjwa au unachagua washiriki wa utafiti: ongeza fibrinojeni. Vipimo vya msongo wa oksidesheni, yaani MDA na isoprosteni (mabaki ya mafuta yaliyooksidika), glutathioni (akiba ya ulinzi) na vimeng'enya vya ulinzi, viombe tu kama kuna itifaki ya utafiti na friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri.

Hatua ya 2: Chagua siku na saa

Kwa kipimo cha hali tulivu, ngoja angalau wiki 4 hadi 6 tangu mgonjwa alipozidiwa au kumaliza kozi ya steroidi za kumeza. Mgonjwa aliyepata chanjo, kung'olewa jino, kuumia au kufanya kazi ngumu kupita mazoea yake siku chache zilizopita aahirishiwe wiki 2. Asivute sigara asubuhi ya kipimo, na saa ya sigara ya mwisho iandikwe. Kwa vipimo vya mafuta yaliyooksidika awe hajala kwa saa 8 hadi 12, maana plazma yenye mafuta mengi huwa na ukungu unaoingilia usomaji wa mwanga.

Saa ya siku si jambo dogo. Eosinofili huwa nyingi usiku na hupungua kadiri asubuhi inavyosonga, kinyume na mwenendo wa kotisoli. Ukimpima leo saa 2 asubuhi na mwezi ujao saa 10 jioni, tofauti unayoiona huenda ni ya saa wala si ya dawa.

Andika pia dawa zote. Steroidi za kumeza hushusha eosinofili ndani ya saa chache na kupandisha neutrofili, hivyo uwiano wa neutrofili kwa limfosaiti hupaa bila maambukizi yoyote. Statini hupunguza CRP. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huipandisha. Tosilizumabu, inayozuia IL-6, huizima CRP hata mgonjwa akiwa na nimonia, na katika hali hiyo CRP ndogo haina maana yoyote.

Hatua ya 3: Kuchota damu

Mgonjwa akae dakika 10 hadi 15, hasa huyu ambaye ametembea korido nzima akihema. Funga mpira wa mkono kwa muda usiozidi dakika 1. Ukizidi hapo maji ya damu huhama na protini huonekana zimepanda. Asikunje na kukunjua ngumi. Tumia sindano ya geji 21, au 22 kwa mishipa midogo. Sindano nyembamba zaidi, kuvuta bomba kwa nguvu, na kuisukuma damu kupitia sindano kuingia kwenye tyubu, yote hupasua chembe nyekundu.

Jaza tyubu kwa mpangilio huu:

1. Buluu hafifu, yenye sitreti ya sodiamu ya asilimia 3.2, kwa fibrinojeni. Ijae hadi alama, kwa sababu uwiano ni damu 9 kwa sitreti 1. Geuza taratibu mara 3 hadi 4.
2. Nyekundu au njano, kwa seramu: CRP, alfa-1 antitripsini, prokalsitonini. Geuza mara 5 kisha iache isimame dakika 30 igande.
3. Zambarau, yenye EDTA ya kuzuia kuganda, kwa hesabu kamili ya damu, IL-6, MDA na chembe nyekundu za vipimo vya vimeng'enya. Geuza mara 8 hadi 10.

Ukiitanguliza zambarau, EDTA huweza kuingia kwenye tyubu zinazofuata. Usitikise tyubu hata moja.

Hapa kuna mtego unaowahusu wagonjwa wa COPD kuliko wengine. Walio na oksijeni ndogo kwa miaka hutengeneza chembe nyekundu nyingi mno. Hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ikivuka asilimia 55, plazma ndani ya tyubu ya buluu ni kidogo kuliko ilivyokusudiwa, sitreti inakuwa nyingi kupita kiasi, na fibrinojeni inasomeka chini ya ukweli. Dawa yake ni kupunguza sitreti kwa hesabu hii: ujazo wa sitreti ni 0.00185 × (100 − hematokriti) × ujazo wa damu. Kwa mgonjwa mwenye hematokriti ya 60 na damu ya mililita 4.5 inatoka mililita 0.33, badala ya 0.5 iliyozoeleka. Damu hiyo huchotwa kwa bomba la sindano na kuingizwa kwenye tyubu iliyorekebishwa, kwa sababu tyubu yenye ombwe ikishafunguliwa haivuti tena.

Hatua ya 4: Kutenganisha na kuhifadhi

Kasi ya sentrifyuji iandikwe kwa g, si kwa mizunguko kwa dakika pekee. Ubadilishaji ni rahisi: g = 0.00001118 × nusu kipenyo cha rota kwa sentimita × mizunguko kwa dakika, iliyozidishwa yenyewe kwa yenyewe. Rota ya sentimita 16 ikizunguka mara 2,900 kwa dakika hutoa takriban g 1,500. Mashine nyingine yenye rota ya sentimita 10, kwa mizunguko ile ile, haifiki hata g 1,000. Maabara mbili zinazodai zimefanya jambo moja huwa zimeachana hapa.

Seramu na plazma ya EDTA hutosheka na g 1,500 kwa dakika 10 hadi 15. Kwa msongo wa oksidesheni tyubu iwekwe kwenye barafu mara tu inapochotwa, izungushwe kwa nyuzi 4, na plazma ihamishwe bila kugusa utando mweupe ulio juu ya chembe nyekundu. Acha kama nusu sentimita ya plazma juu ya utando huo, hata kama mkono unawasha kuimaliza. Kwa IL-6 kazi ikamilike ndani ya saa 2, maana chembe nyeupe zilizoachwa kwenye tyubu huendelea kuitoa na mgonjwa hupewa namba ambayo mwilini mwake haikuwepo.

Gawa plazma katika vichupa vya mikrolita 250 hadi 500, ili kila kipimo kiyeyushe chake. Sampuli inayoyeyushwa na kugandishwa tena na tena huoksidika mezani. Friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri haitoshi kwa isoprosteni wala MDA: oksidesheni ya mafuta huendelea humo polepole. Friza zisizojenga barafu ni mbaya zaidi kwa sababu hupasha joto kidogo kila mara ili kuyeyusha theluji.

Kagua rangi kabla ya kuhifadhi. Plazma ya pinki, dalili ya chembe nyekundu kupasuka, kwa kawaida ni ya kutupwa na kuchota upya. CRP inaweza kustahimili wekundu kidogo. Glutathioni na MDA haziwezi kabisa.

Hatua ya 5: Kusoma viashiria vya inflamesheni

*Eosinofili* ndicho kiashiria chenye faida kubwa kuliko vyote, na kwa bahati njema ndicho cha bei ndogo. Mwongozo wa kimataifa wa COPD, GOLD, unaweka mipaka miwili. Idadi ikiwa 300 kwa mikrolita au zaidi kwa mgonjwa anayezidiwa licha ya dawa za kutanua njia za hewa, steroidi ya kuvuta ina uwezekano mkubwa wa kumsaidia. Ikiwa chini ya 100, faida ni ndogo na hatari ya nimonia hubaki, hivyo haipendekezwi. Katikati, amua kwa kuangalia ni mara ngapi amezidiwa. Mpaka wa 300 unatumika pia kwa dupilumabu, dawa ya sindano iliyoidhinishwa Marekani kwa COPD mwaka 2024.

Tumia idadi kamili, usitumie asilimia. Chembe nyeupe 7,200 zenye eosinofili asilimia 4 ni 288. Asilimia hiyo hiyo kwa mtu mwenye chembe 11,000 ni 440. Na angalia desimali: mashine inayochapisha 0.3 × 10⁹ kwa lita inaweza kuwa imekadiria chochote kati ya 250 na 349. Omba namba yenye desimali mbili kabla ya kuamua matibabu ya miaka. Jibu moja lililo karibu na mpaka lirudiwe siku nyingine. Eosinofili nyingi sana, kwa mfano zaidi ya 1,000, zikufanye utafute minyoo kwanza. Minyoo aina ya Strongyloides hasa, maana mgonjwa mwenye minyoo hiyo akipewa steroidi za kumeza inaweza kusambaa mwili mzima na kumuua.

*CRP* huanza kupanda saa 4 hadi 6 baada ya chokochoko, hufika kileleni kati ya siku ya pili na ya tatu, na chanzo kikiondoka hupungua nusu kila baada ya saa 19 hivi. Kwa hiyo CRP ya chini kwa mtu aliyeanza homa saa 3 zilizopita haijasema kitu. Rudia kesho yake.

Kwa mgonjwa aliyezidiwa asiyehitaji kulazwa, mipaka iliyojaribiwa vizuri zaidi ni ya jaribio la PACE la Uingereza, lililochapishwa 2019, ambamo daktari alipima CRP kwa tone la damu ya kidole papo hapo. CRP chini ya miligramu 20 kwa lita: antibayotiki kwa kawaida haisaidii. Kati ya 20 na 40: inaweza kusaidia ikiwa makohozi yamegeuka usaha. Zaidi ya 40: inaelekea kusaidia. Waliopimwa walitumia antibayotiki kwa asilimia 57.0, wasiopimwa asilimia 77.4, na hali zao za afya hazikuwa mbaya zaidi. Mipaka hii haimfai mgonjwa mwenye nimonia kwenye picha ya kifua, au anayechanganyikiwa, au ambaye shinikizo la damu limeshuka. Huyo hatibiwi kwa kungoja namba.

Kwa mgonjwa aliyetulia inatakiwa CRP ya usikivu wa juu, kwa sababu kipimo cha kawaida hakitofautishi 1 na 4. Zaidi ya 3 ni ya juu. Zaidi ya 10 ina maana kuna jambo lingine la ghafla: rudia baada ya wiki 2 kabla ya kuiweka kwenye faili kama hali yake ya kawaida. Hakikisha pia kipimio. Maabara nyingine hutoa miligramu kwa desilita, na 1 ya huko ni 10 ya huku. Kosa hili hupitwa na macho kirahisi kwa sababu namba zote mbili zinaonekana za kuaminika. Na CRP ya chini isiyoendana na mgonjwa anayetetemeka kwa homa, iombewe kupimwa tena baada ya kuchanganya seramu na maji ya chumvi. CRP ikizidi mno, baadhi ya mbinu husoma chini.

*Fibrinojeni* ni ya taratibu na ndiyo sababu ya uthabiti wake. Kawaida ni gramu 2 hadi 4 kwa lita kwa mbinu ya Clauss. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliikubali kama kiashiria cha kuchagulia washiriki wa majaribio ya COPD walio katika hatari kubwa ya kuzidiwa au kufa, na mpaka wa gramu 3.5. Utafiti wa Copenhagen uliotoka 2013 uliunganisha vitu vitatu: CRP zaidi ya 3, fibrinojeni zaidi ya mikromoli 14 kwa lita, na chembe nyeupe zaidi ya 9 × 10⁹ kwa lita; wenye vyote vitatu walizidiwa mara nyingi zaidi kuliko wasio na hata kimoja. Heparini iliyobaki kwenye mrija wa mgonjwa, na dawa zinazozuia thrombini kama dabigatrani, huweza kuishusha kwa uongo.

*Alfa-1 antitripsini* ni mahali ambapo inflamesheni inaficha ugonjwa. Protini hii, ambayo upungufu wake ulielezwa Sweden mwaka 1963, hupanda mwili unapopambana. Mwenye jeni moja yenye kasoro akipimwa siku aliyozidiwa anaweza kusomeka kawaida kabisa, na kwa kuwa kipimo hufanywa mara moja tu, hatapimwa tena. Ndiyo maana iende sambamba na CRP: CRP ikiwa juu, rudia akitulia. Chini ya mikromoli 11 kwa lita, yaani kama gramu 0.57, ni upungufu mkubwa. Peleka sampuli kwa uchunguzi wa jeni, na ndugu wa damu wapimwe.

*Prokalsitonini*, protini inayopanda kwa maambukizi ya bakteria, haina la ziada kwa mgonjwa wa nje mwenye CRP. Wodini, chini ya 0.25 ya mikrogramu kwa lita huelekeza mbali na bakteria, ingawa figo zilizoshindwa huipandisha. *ESR* (kasi ya chembe nyekundu kuzama kwenye tyubu) tungeiacha kabisa kwa ugonjwa huu: chembe nyekundu nyingi huzuia kuzama, hivyo mgonjwa mwenye hematokriti ya 58 anaweza kuwa na ESR ya milimita 2 huku akiungua ndani, na mwenye upungufu wa damu akapata 60 bila sababu ya mapafu. *IL-6, IL-8 na TNF-alfa* zina thamani kwenye utafiti. Kwa mgonjwa mmoja mmoja hazina mpaka unaokubalika wa kufanyia uamuzi.

Hatua ya 6: Msongo wa oksidesheni

Hakuna kipimo kimoja cha msongo huu. Kuna makovu unayoweza kuyahesabu, kwenye mafuta, protini na DNA, na kuna akiba ya ulinzi. Pima angalau kimoja cha kila upande. Kovu lililoongezeka bila akiba kupungua lina tafsiri tofauti na viwili vikienda pamoja.

MDA kwa mbinu ya TBARS (inayopima vitu vinavyoshikana na asidi ya thiobabituriki) ndiyo inayofanywa zaidi na ndiyo inayokosewa zaidi. Kitendanishi cha kawaida kina asidi ya trikloroasetiki asilimia 15, asidi ya thiobabituriki asilimia 0.375 na asidi ya haidrokloriki ya 0.25 N. Changanya ujazo 1 wa plazma na ujazo 2 wa kitendanishi, ongeza BHT, kizuia oksidesheni, kidogo iliyoyeyushwa katika ethanoli, chemsha dakika 15, poza, zungusha g 1,000 kwa dakika 10, kisha soma kimiminika cha juu kwenye wimbi la nanomita 532 dhidi ya tyubu tupu iliyochemshwa pamoja na zingine. BHT isisahaulike: bila hiyo uchemshaji wenyewe hutengeneza MDA mpya, na unajikuta umepima jiko.

Hesabu hutumia kizidishi cha 156,000 kwa moli kwa sentimita. Usomaji wa 0.052 kwenye kyuveti ya sentimita 1 ni mikromoli 0.33 kwa lita. Zidisha kwa 3 kwa sababu ya uchanganyaji, unapata mikromoli 1.0. Kwenye sahani ya visima 96 mwanga haupiti sentimita 1, hivyo kizidishi hicho kitakudanganya. Tumia mkunjo wa viwango uliotengenezwa kwa tetramethoksipropani, na usisome kitu kilicho nje ya kiwango cha juu au cha chini cha mkunjo.

Tatizo ni kwamba asidi ya thiobabituriki hushikana pia na sukari, asidi ya siali na rangi za nyongo, na himoglobini hunyonya mwanga jirani na hapo. Mgonjwa wa COPD mwenye kisukari ataonekana na MDA kubwa kwa sababu mbili, na mbinu hii haizitenganishi. Kama kuna HPLC, mashine ya kutenganisha kemikali, tenganisha kwanza kiunganishi cha pinki ndipo upime. Kama haipo, ripoti iseme TBARS, isiseme MDA.

Isoprosteni 8-iso-PGF2α ni imara na mahususi zaidi, na kipimo bora ni cha spektrometri ya masi. Sehemu kubwa ndani ya plazma imeshikamana na mafuta, kwa hiyo amua mapema kama unapima iliyo huru au jumla baada ya kuitenganisha kwa alkali. Majibu ya aina hizi mbili hayalinganishwi. Karbonili, makovu ya oksidesheni kwenye protini, husomwa kwa kemikali ya DNPH karibu na nanomita 370, kwa kizidishi cha 22,000, na huripotiwa kwa miligramu ya protini. Osha mashapo vizuri mpaka njano ya DNPH isiyoshikamana iishe. Haraka hapa huongeza jibu kila mara.

Glutathioni inahitaji mkono wa haraka. Ndani ya chembe nyekundu iko kwa milimoli, kwenye plazma kwa mikromoli chache, kwa hiyo hata asilimia 1 ya chembe ikipasuka jibu la plazma hupanda mara kadhaa. Na ukiongeza asidi kabla ya kuifunga, glutathioni huoksidika na uwiano wa GSH (glutathioni nzima) kwa GSSG (iliyooksidika) huporomoka kwa sababu yako. Weka N-ethilmaleimidi, kemikali ya kuifunga, ndani ya tyubu inayopokea damu ya sehemu ya GSSG, isiwe baada ya kufika maabara.

Vimeng'enya vya ulinzi, SOD, katalasi na glutathioni peroksidesi, hupimwa kwenye chembe nyekundu zilizooshwa mara 3 kwa maji ya chumvi baridi na kupasuliwa kwa maji safi baridi. Toa jibu kwa gramu ya himoglobini, la sivyo mgonjwa mwenye chembe nyingi ataonekana ana ulinzi mwingi. Glutathioni peroksidesi hutegemea seleniamu, hivyo ikiwa ndogo uliza lishe kabla ya kulaumu mapafu.

Kipimo cha uwezo wote wa kuzuia oksidesheni, kama FRAP kinachosomwa nanomita 593, kina jina kubwa kuliko kazi yake. Zaidi ya nusu ya jibu ni asidi ya uriki. Mgonjwa mwenye moyo ulioshindwa anayemeza dawa za kukojoa ana asidi ya uriki nyingi, na FRAP itamtangaza kuwa na kinga bora kuliko mtu mzima wa afya. Kama lazima ukitumie, pima asidi ya uriki kwenye sampuli ile ile.

Hatua ya 7: Kulinganisha majibu mawili

CRP ilikuwa 4, sasa ni 7. Je, imepanda? Hesabu tofauti inayohitajika: 2.77 × mzizi wa pili wa (badiliko la mwili² + badiliko la mashine²), yote kwa asilimia. CRP ya mtu yule yule hucheza kwa asilimia 40 hivi, mashine asilimia 5. Inatoka karibu asilimia 112. Badiliko la 4 kwenda 7 ni asilimia 75, kwa hiyo halijavuka kelele za kawaida. Fibrinojeni hucheza kama asilimia 10, mashine 4, na inahitaji asilimia 30 tu. Ndiyo maana kwa ufuatiliaji wa miezi fibrinojeni hufaa kuliko CRP.

Sampuli za mgonjwa mmoja zilizohifadhiwa zipimwe siku moja, kwenye sahani moja, mara mbili kila moja. Nakala mbili zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, rudia; usichukue wastani wa namba mbili zinazogombana.

Kabla ya kushusha namba kwa dawa

Simvastatini miligramu 40 ilijaribiwa kwa COPD katika STATCOPE, 2014, na haikupunguza idadi ya mara wagonjwa walizozidiwa. Infliksimabu huzuia TNF-alfa moja kwa moja, lakini wagonjwa wa COPD hawakunufaika nayo. Virutubisho vya kuzuia oksidesheni vina onyo zito zaidi: Finland, mwaka 1994, wavutaji waliopewa beta-karotini miligramu 20 kwa siku walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. N-asetilisisteini miligramu 600 mara mbili kwa siku ilipunguza kuzidiwa katika jaribio la PANTHEON nchini China, lakini kwa dozi ya mara moja kwa siku jaribio la BRONCUS halikuona mapafu yakipungua kuharibika. Anayeitumia aandikwe hivyo kwenye fomu, kwani huongeza glutathioni. Aandikwe pia anayemeza biotini ya nywele na kucha. Miligramu 5 au zaidi kwa siku huvuruga vipimo vya kingamwili vinavyotumia biotini na streptavidini, baadhi vikipanda na vingine kushuka kulingana na muundo wake, na mgonjwa huyo aiache angalau saa 72 ndipo achotwe damu.